Mila Niliyoiandika Koboko

Wakili aliyenipigia simu alikuwa na furaha, ndiyo maana sikushtuka mapema. Ni mwanafunzi wangu wa zamani. Nilimfundisha sheria ya ardhi hapa kwenye chuo chetu cha sheria, chuo cha Kanisa, upande wa Ediofe hapa Arua, ambako kengele ya kanisa kuu huukata muhadhara wa saa sita, na sisi walimu tumeshazoea kunyamaza katikati ya sentensi mpaka imalize. Alikuwa kijana mwerevu mwenye kasoro moja tu: timu ya Onduparaka ikicheza nyumbani, darasani humwoni. Sasa ana ofisi yake Koboko.

"Madamu, nimepiga kukushukuru," alisema. "Ile makala yako ya mila za ardhi nimeitumia mahakamani. Hakimu ameisoma mwenyewe. Upande wa pili hawakuwa na la kujibu."

Nikafurahi. Niseme kweli, nilifurahi kama mjinga. Makala zetu sisi walimu wa sheria husomwa na walimu wengine wanaotaka kuandika makala zao, basi. Kusikia kwamba maneno yangu yametoka maktaba yakaingia mahakamani, tena Koboko kwetu, kulinipandisha kichwa. Nikaweka kando mitihani niliyokuwa nasahihisha, nikamuuliza kesi inahusu nini.

"Mama mmoja mzee aliyerudi kutoka kwa mume," akasema. "Kaka yake amefariki, sasa mtoto wa kaka anataka shamba. Mteja mwenyewe ndiye aliyeniletea makala. Mimi nilikuwa nimeisahau, nisamehe."

Nikamuuliza shamba lenyewe liko wapi, kwa kuulizia tu. Akanielekeza: nyuma ya shule ya misheni, pale njia inaposhuka kisimani, kuna mistari ya miti ya mpaka. Nikamwambia asante, nikakata simu bila kuaga. Shamba hilo nimelipalilia tangu utoto wangu. Mama mzee aliyekuwa anamsema ni shangazi yangu, na mteja wake ni kaka yangu, mwana wa marehemu baba yangu mdogo.

Shangazi huyu ni dada wa marehemu baba yangu. Aliolewa upande wa Kongo, hakujaliwa mtoto, na maneno ya ukweni yalipozidi akajitwisha mzigo wake akarudi kwao. Babu hakumuuliza mengi. Aliwaita watoto wake wa kiume wote, baba yangu akiwemo, akamkatia Shangazi shamba, akawatembeza kulizunguka mbele ya wazee wa ukoo, na kila kona akachimba na kupanda mti wa mpaka kwa mkono wake. Halafu mavuno ya kwanza ya shamba hilo Shangazi aliyapika, na kaka zake wote wakayala. Kwetu, ukishakula chakula cha shamba namna hiyo umekubali mpaka wake. Baba alinisimulia habari hiyo mara nyingi, akijisifu kwamba yeye ndiye aliyekula zaidi.

Na mimi niliijua vizuri. Hapo ndipo penye taabu yangu.

Makala ile niliiandika kwa sababu kamati ya chuo ilikuwa inaulizia kazi zangu, na nilikuwa sina ya kuonyesha. Nilihitaji mila ya mahali fulani, mila safi, ya kueleweka. Ningeweza kwenda kokote. Nikachagua Koboko kwa sababu ni nyumbani na nitapikiwa. Baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa hai na ndiye aliyebaki kwenye ardhi ya ukoo, aliwakusanya wazee barazani kwake, chini ya bati, nikaweka kinasa sauti juu ya meza, nikaanza kuuliza. Mke akifiwa, inakuwaje? Mtoto wa nje je? Na binti aliyerudi kutoka kwa mume?

Hapo wakajibu kwa sauti moja. Binti aliyerudi anakula kwa mkono wa kaka yake, walisema. Kaka akifa, shamba ni la watoto wa kiume. Walisema haraka, kama wanaume wasemavyo wakiwa pamoja mbele ya mgeni. Baba mdogo naye alitikisa kichwa akikubali, yeye aliyekula mavuno yale.

Shangazi aliingia wakati huohuo na sufuria ya kunde za karanga. Alisimama nayo mlangoni, akatuangalia. Nilimwona. Nilijua anataka kusema neno. Lakini wazee walikuwa wamechangamka, na nilikuwa nimeshaiona aya yangu kichwani, imenyooka vizuri. Nikamwambia, "Shangazi, tuna njaa." Watu wakacheka. Akaweka sufuria, akaenda kuleta ugali wa muhogo.

Niliporudi Arua niliandika kwamba desturi ya ukoo huu juu ya binti aliyerudi haina utata. Nililipenda sana neno hilo, haina utata. Lile shamba la Shangazi nililiona kama mapenzi ya babu kwa mtoto wake, na mapenzi hayaandikwi kwenye tanbihi. Lingeniharibia aya. Kamati ilisifu makala, hasa kwa ufupi wake.

Jumamosi baada ya ile simu nikaenda Koboko. Nilimkuta Shangazi uani anachambua kunde, akaniinukia kama kawaida, akaniuliza habari za kazi, za barabara, za kichwa changu kinachouma mara kwa mara. Hakuwa na kinyongo chochote usoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kuna kesi.

"Wewe iko na kazi mingi," alisema. "Tena kaka yako alisema wewe iko upande yake. Alisema ni wewe uliandika."

"Na wewe ukaamini?"

"Kwani si wewe uliandika?"

Miezi yote ya kesi mwanamke huyu aliamini kwamba nimemgeuka, na Pasaka alikuwa amenitumia kuku. Nikaona hasira inanipanda, nikaanza kumkemea yeye, jamani, mtu niliyemkosea. Nikamuuliza siku ile barazani kwa nini alinyamaza, kwa nini hakusema kwamba babu alimpa shamba mbele ya walewale waliokuwa wanabwabwaja.

Alinitazama bila ubaya. "Ulisema iko na njaa," akasema, akaendelea na kunde zake.

Nililia pale. Akaniacha nilie, halafu akaniambia ninawe uso kwa sababu watu wanapita njiani.

Nikatoka hapo kwenda kwa mzee wa ukoo, wa mwisho aliyebaki kati ya waliotembea na babu siku ya kupanda miti. Nilikuwa na hakika naye. Sheria inasema mila ithibitishwe na mtu anayeijua, na yeye aliiona kwa macho. Nilimwomba aje mahakamani aseme tu alichokiona. Alinisikiliza vizuri, akaniletea kiti kizuri zaidi.

"Ile ya babu yako ninakumbuka," alisema. "Miti tulipanda, chakula tulikula. Lakini sasa kitabu iko. Wewe mtoto yetu umesoma, umeandika mila, serikali imekubali. Mimi nikienda kusema ingine, watasema huyu mzee hajui hata mila ya kwao."

Nikamwambia kitabu kimekosea. Akacheka, akidhani najishusha. Nikasema tena, kwa ukali, kwamba niliandika vibaya, kwamba walinijibu vibaya na mimi nikaandika vibaya zaidi.

"Usiseme hivyo," akasema, sasa kwa huruma. "Kitabu imetusaidia. Kulikuwa na msichana ingine hapo chini, alirudi kutoka kwa bwana yake kule Yumbe, kaka yake akakufa. Watu walianza kelele. Kaka yako akatusomea kitabu, tukamwambia atoke. Kelele ikaisha."

"Yuko wapi?"

"Mutu hajui. Labda Kongo."

Niliomba maji ya kunywa. Yule mwanamke sikuwahi kumjua, na sasa nimeuliza kwa watu wengi na sijampata. Nilikuwa nimekuja kurekebisha aya moja kwa ajili ya mtu mmoja. Kumbe aya ilishatembea mbele yangu, ikaingia boma jingine na kumtoa mtu nje. Na wazee hawakuwa wakisema tena kwamba babu zao walifanya hivi na vile. Walikuwa wananinukuu mimi.

Mkuu wa kitivo chetu ni padre, na ndiye anayefundisha maadili ya sheria. Nilienda kuungama kwake, jambo ambalo singemshauri mtu yeyote mwenye ofisi jirani na padre wake. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama nilisema uongo. Nikasema hapana, niliandika nilichoambiwa. Akauliza kama nilijua kwamba makala itatumika dhidi ya shangazi yangu. Nikasema sikujua.

"Basi naona uzembe wa kitaaluma," alisema taratibu. "Dhambi siioni vizuri."

Nikamkasirikia kuliko nilivyopaswa kumkasirikia padre. Nilitaka aione. Nilitaka mtu aipe jina, anipe adhabu ya kutosha, nimalize. Badala yake alinipa rozari moja, akaniagiza nitoe ushahidi mahakamani, na niandike masahihisho kwenye jarida lilelile. Rozari niliisali kabla sijafika getini.

Mahakama ya Koboko ilijaa siku ile. Shangazi alikaa mbele, kavaa gauni lake la Jumapili, mikono mapajani. Kaka yangu, huyo mtoto wa baba mdogo, alikaa upande wa pili na hakunisalimu. Simchukii. Ana watoto wengi, anataka kujenga ghala la kupangisha wafanyabiashara wanaovuka kwenda Sudan Kusini, na alikuwa na makala mkononi inayosema ana haki. Angekuwa mteja wangu ningemshauri ashtaki.

Nikala kiapo. Mambo ya mahakamani huendeshwa kwa Kiingereza, na karani alikuwa anamtafsiria Shangazi kwa sauti ndogo, kwa hiyo kila nilichosema nilikisikia kikirudi nyuma yangu kwa maneno mengine. Nilieleza siku ya miti. Nilieleza chakula cha mavuno ya kwanza na maana yake. Nilisema makala yangu imekosea kwa sababu niliwauliza wanaume tu, nao walikuwa na faida katika jibu, na mimi mwenyewe niliyekuwa na habari tofauti nikaiacha. Nilisema wazi, nikiwa nimesimama wima, na kwa muda mfupi nilijisikia nafuu.

Kisha mwanafunzi wangu akasimama. Aliinama kidogo kunipa heshima, na najua ilikuwa heshima ya kweli.

"Madamu, mdai ni nani kwako?"

"Ni mwana wa baba yangu mdogo."

"Na mdaiwa?"

"Shangazi yangu."

"Unampenda?"

"Sana."

"Ulipoandika makala, kulikuwa na ugomvi wowote wa shamba hili?"

"Hapana."

"Na leo unapotoa ushahidi, ugomvi upo?"

Nilijua anakokwenda, kwa sababu njia hiyo nilimwonyesha mimi. Kila mwaka mwezi wa kwanza wa muhula nasimama mbele ya darasa na kuwaambia kwamba mila ikibishaniwa, maneno yaliyosemwa kabla ya ugomvi yana uzito kuliko yanayosemwa baada yake, maana ugomvi ukishaanza kila mtu ana upande. Ni kanuni nzuri. Naipenda. Nimewahi kumnyima mwanafunzi huyuhuyu alama kwa kuisahau, kwenye jaribio lililofuata mchezo fulani wa Onduparaka.

"Upo," nikasema.

"Sina swali zaidi, mheshimiwa." Akakaa bila kuniangalia.

Hakimu alisoma hukumu wiki chache baadaye. Alikuwa mtu mwangalifu na sikuona mahali pa kumlaumu. Alisema shahidi ni msomi anayeheshimika na anaonekana kumhurumia mdaiwa, jambo ambalo ni la kibinadamu. Lakini mahakama, akasema, itafuata kile alichoandika akiwa hana sababu ya kumpendelea mtu. Akasoma aya yangu yote, mpaka kwenye haina utata. Wakili wa Shangazi, binti niliyemtafutia kutoka kliniki ya chuo chetu ya msaada wa sheria, aliinamisha kichwa. Karani akatafsiri hadi mwisho, akafunga faili lake.

Nje, kwenye ule ukumbi mwembamba wenye mabenchi, nilimshika Shangazi mkono. Watu walikuwa wanatupita. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Wamekuamini sana, mtoto yangu," alisema. Alisema kwa fahari, kweli, kwa fahari kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. Halafu akaniangalia usoni. "Umekula?"

Tungeweza kukata rufaa. Yeye ndiye aliyekataa, alisema amechoka kusikia jina la baba yake likisomwa na karani. Kaka yangu hakuwa mkatili, alimpa muda wa kuvuna kunde. Miti ya mpaka ilikatwa baada ya hapo. Nikamleta Shangazi Arua, akakaa kwangu, kwenye chumba kilichokuwa cha vitabu. Kila asubuhi anachimba ukanda mwembamba ulio kati ya ukuta na banda la gari, anapanda bamia na kunde, na kila anayeingia nyumbani hunisifu kwamba nimemtunza mzee vizuri. Nawaacha wanisifu. Siku nyingine nakasirika nao, siku nyingine naitikia asante, na zote mbili huniacha na aibu ileile.

Masahihisho niliyaandika kama padre alivyoagiza. Nilieleza kila kitu, pamoja na ile njaa yangu. Jarida liliyaona ni marefu kwa masahihisho, wakayachapa kama makala kamili, na wahariri wakaandika kwamba ni mchango wa ujasiri. Kamati ya chuo ikaihesabu. Kwa hiyo kosa lilinipa makala moja na toba ikanipa ya pili, na kwa hizo mbili nikapandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kwa siku kadhaa, nikasaini.

Kila mwaka, mahakama zinapofungua kazi, huwa tuna Misa ya wanasheria pale kanisa kuu. Mahakimu na mawakili wanaingia na majoho yao, wanafunzi wanaimba, askofu anatuombea hekima. Mwaka huu baada ya Misa, padre mkuu wa kitivo akataka tusherehekee kupanda kwangu cheo, na akasema tuje kwangu, maana sifa za mapishi ya nyumbani kwangu zimeenea. Walikuja walimu wenzangu, na mgeni mmoja profesa kutoka Kampala, mtu mpole, anayefanya utafiti juu ya wanawake na ardhi ya ukoo. Mwanafunzi wangu wa Koboko naye alikuja. Alimletea Shangazi sukari, akampigia magoti kama desturi inavyotaka, na Shangazi akambariki. Nilitoka nje kidogo wakati huo.

Tulipokaa mezani profesa akaniambia amesoma makala zangu zote mbili. Akatoa simu, akaiweka juu ya meza irekodi kama ningeridhia, akauliza: kwa mtazamo wangu sasa, binti aliyerudi kwao ana haki gani hasa?

Shangazi alikuwa anaingia na sufuria ya kunde za karanga.

Nikasema, "Muulize yeye. Ni yeye mwenyewe."

Meza nzima ikageuka. Niliona kwamba labda ndiyo nafasi, labda bado inawezekana. Profesa aliinuka nusu kwenye kiti, akampokea sufuria kwa mikono miwili, akatabasamu.

"Mama," akamwambia, "tumesikia unapika vizuri sana."

"Asante, baba," alisema Shangazi. "Mkule. Mtoto yangu huwa iko na njaa."

Akarudi jikoni kuleta ugali. Profesa akaketi, akasogeza simu karibu nami, na wote wakasubiri niseme.